Maktaba ya Takwimu na Mahindi ya Ufipa

Maktaba ya programu ni mkusanyiko wa kanuni zilizokwisha kuandikwa, ambazo mtunga programu huziita badala ya kuzitunga upya. Mojawapo ni ile iitwayo statistics, iliyoingizwa katika lugha ya Python mwaka 2014. Ni nyepesi, hufanya kazi pasipo intaneti. Tena ni huria, yaani maandishi yake yaweza kusomwa na kila mtu.

Chukua mfano wa kaya tano karibu na Sumbawanga, kila moja ikiwa na eka 1 ya mahindi. Mavuno yao ni magunia 8, 9, 10, 11 na 32. Amri ya mean hugawanya jumla, yaani 70, kwa 5: wastani ni 14. Amri ya median huzipanga namba na kutoa iliyo katikati: 10. Akiba ya kila kaya ikikadiriwa kwa wastani, kaya nne zitapungukiwa.

Kompyuta haichagui kipimo kifaacho. Mwanafunzi ndiye achaguaye.

Zoezi: Badili 32 iwe 12, ulinganishe majibu mawili na kueleza sababu.