Dondoo Muhimu: Inzi Bandia wa Kuzama kwa Trauti

Trauti wa mito ya Mlima Kenya na Aberdare waliletwa na Waingereza kuanzia 1905, na inzi bandia wa kizamani wa Yorkshire, Uingereza, huwanasa vizuri mpaka leo.

Unapomtengeneza inzi huyo, usimjaze manyoya. Chukua ndoana namba 14, uzi wa hariri wa rangi ya chungwa na unyoya mmoja laini wa mgongo wa kwale. Zungusha uzi kutoka tunduni hadi usawa wa ncha, rudi kwa mizunguko iliyobanana, zungushia unyoya mara mbili tu, funga, kata. Ukilowa, uzi hugeuka hudhurungi na unyoya huchezacheza kama miguu ya mdudu. Unyoya mgumu wa jogoo hauchezi hivyo.

Trauti hutazama mkondo unakotoka, kwa hiyo mwendee kwa nyuma. Mvuvi W. C. Stewart wa Scotland alilisisitiza hilo katika kitabu chake cha 1857. Tupa mshipi mfupi kuelekea mkondo unakotoka, acha inzi arudi na maji bila kumvuta. Mshipi ukisita kidogo tu, inua ufito papo hapo.

Samaki unayemrudisha, tafadhali mshike kwa mikono iliyolowa. Mkono mkavu humbandua ute unaomkinga na magonjwa.