Mdogo Wangu, Pindua Kichwa cha Cherehani Kwanza

Mdogo wangu wa Mikumi, umeniuliza kama hiyo Singer nyeusi inayometameta unayouziwa ni orijino kweli au imepakwa tu. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kulipa.

Rangi ya kupuliza inauzwa kila mahali, kwa hiyo mng'aro haukuambii kitu. Angalia palipochakaa. Singer za zamani zilitoka kiwandani na nakshi za dhahabu, na kitambaa kikipita juu yake miaka na miaka huzifuta upande wa mbele, pale mshonaji anapoegemeza mikono. Ukikuta nakshi zote zimekamilika, ilhali kibati cha chini ya sindano kimejaa makovu, ujue mapambo ni ya juzi. Pitisha ukucha taratibu. Stika ya kisasa mara nyingi ina ukingo unaokwama.

Kisha tafuta namba. Imegongwa kwenye chuma, juu ya kitako, upande wa kulia. Ikianza na Y, imetengenezwa Clydebank, Uskochi, miaka ya 1920 au nusu ya kwanza ya miaka ya 1930. Ikianza na EA, ni ya hapohapo, kuanzia mwaka 1935 hivi. Rangi ikiwa imeifunika, mwambie muuzaji aikwangue mbele yako. Akikataa, ondoka. Na beji ya shaba isikutie imani, maana hung'olewa ikapachikwa kwingine. Butterfly ya China ina umbo linalofanana sana na Singer aina ya 15. Ni mashine nzuri ya kazi, lakini usiinunue kwa bei ya Singer.

Mashine ikitoka Kilosa, mimi ningeuliza jambo moja zaidi: imewahi kuloa? Mnakumbuka Mto Mkondoa ulivyofurika huko mwishoni mwa 2009 na mapema 2010, hadi reli ikaharibika. Pindua kichwa uangalie chini, kwa sababu wapuliza rangi wengi huishia juu. Kutu iliyochimba vishimo kwenye vyuma vinavyozunguka haiondoki kwa mafuta.

Sisemi iliyopakwa upya ni mbaya, dada. Ukitaka kushona sare za shule, na fundi akakutajia waziwazi kilichobadilishwa, inunue kwa bei ya mashine ya kazi. Ninachokataa ni kulipia ukale ambao umeshapigwa msasa ukaisha.

Nanyi wenye cherehani za bibi nyumbani, nawasihi: msizipeleke kupakwa rangi eti zipendeze. Hata spiriti msiguse, huyeyusha vanishi ya zamani na nakshi zikaondoka nayo. Kitambaa laini na mafuta ya cherehani vinatosha. Meneja wa hoteli akija kutaka moja ya kupamba mapokezi, hiyo dhahabu iliyofifia ndiyo atakayoilipia, kwa hiyo msimtajie bei kabla hamjaisoma namba.