NUSU YA MWAKA IMEKWISHA: FUNGUA DAFTARI LAKO



Somo la mwezi huu halihusu mbegu wala dawa ya kupe. Lahusu yale maneno mliyoyasema mwezi wa Januari.

Mlipokuja hapa ofisini kuandikisha mahitaji ya mbegu, mimi karani niliyasikia mengi. Huyu alisema mwaka hauishi kabla hajajenga banda la ndama. Yule alisema atapanda miche 40 ya parachichi kando ya mpaka. Mama mmoja alisema atamaliza deni la dukani na hatakopa tena unga. Sasa tumeingia mwezi wa Julai. Mahindi yamefika kifuani lakini ghala ni tupu, baridi imeshika, na muhula wa pili wadai karo. Nikimwuliza mtu, "Lile banda limefika wapi?" hutazama viatu vyake.

Sina haki ya kumcheka mtu. Kabla ya kuajiriwa ukarani nilisomea ualimu, na mwalimu hupenda kuandika mipango. Januari niliandika mambo saba. Limetimia moja, nalo ndilo dogo kuliko yote: kupaka rangi mlango.

Basi nataka kuwasimulia jambo nililoliona Nairobi, mahali paitwapo Mukuru kwa Reuben. Mtaniuliza, mtu anayeishi katika chumba cha mabati cha futi 10 kwa 10 ana nini cha kumfundisha mwenye ekari tano? Ngojeni kidogo. Wengi wetu tuna watoto au ndugu huko. Mukuru iko upande wa kusini mashariki wa jiji, imepakana na Eneo la Viwanda, na Mto Ngong wapita kandoni mwake. Kijana akitoka skimu kwenda kutafuta kibarua kiwandani, mara nyingi huko ndiko anakopanga. Maji hununua kwa mtungi wa lita 20, na kwa hesabu ya lita moja moja hulipa zaidi kuliko mwenye mfereji katika nyumba kubwa ya jiji. Mtu wa namna hiyo hawezi kupoteza shilingi bila kujua imekwenda wapi, na ndiyo sababu watu wa Mukuru wamekuwa mafundi wa kuhesabu.

Tena wana historia ya kufanya mambo kwa pamoja. Muungano wa Wanavijiji, ambao ni umoja wa wakazi wa mitaa ya namna hiyo, ulianzishwa mwaka 1996 ili kupinga watu kuhamishwa ovyo, na baadaye ukajengwa juu ya vikundi vya kuweka akiba kidogo kidogo. Mwezi wa Agosti 2017 Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Reuben, Mukuru kwa Njenga na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango. Zaidi ya kaya 100,000 zilihusika. Unawezaje kuuliza watu wengi hivyo wanataka barabara ipite wapi? Wakazi walipangwa kwa nyumba kumi kumi, kila kumi wakazungumza kwanza wao kwa wao, kisha neno lao likapelekwa mbele. Kuanzia mwaka 2020 barabara zikaanza kujengwa. Sisemi kwamba kila kitu kimekamilika. Nasema kwamba mambo yalianza kwa watu kumi kukaa pamoja na kusemezana, nasi katika skimu twashindwa hata kukaa watano bila kuitwa na Bwana Shamba.

Dada yangu mkubwa anaishi huko. Ni fundi wa kushona sare za shule, na yumo katika chama cha watu 23 kinachokutana kila Jumapili alasiri. Wana sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zimeshikwa na watu watatu ambao si wa ukoo mmoja. Januari kila mtu husema lengo lake la mwaka mbele ya wote, nalo huandikwa katika ukurasa wa kwanza wa kijitabu chake. Mwaka 2024 dada aliandika: cherehani ya pili, shilingi 15,000, ili binti yake ashone pamoja naye. Alianza vizuri. Kwa Jumapili 16 aliweka shilingi 350 kila mara, akafika 5,600.

Mwishoni mwa Aprili mwaka huo ikaja mvua ambayo wengi wenu mnaikumbuka, maana hata huku ilichukua matuta. Nairobi mito ilifurika. Maji yaliingia chumbani mwa dada usiku, yakapanda hadi magotini. Watu walitoka salama, Mungu ashukuriwe, lakini vitambaa vya wateja viliharibika na cherehani ililala ndani ya matope. Mwezi wa Mei nyumba zilizokuwa karibu na mto zilibomolewa kwa amri ya Serikali, na baadhi ya wenzake wa chama walihama na watoto wao. Yeye chumba chake kilibaki. Alitoa shilingi 3,500 katika akiba yake kwa ajili ya blanketi na kodi ya nyumba, zikabaki 2,100. Akaanza kufulia watu nguo. Kisha akaacha kwenda mkutanoni.

Hapa nawaomba msome polepole, kwa kuwa ndipo penye somo. Nilimwuliza baadaye kwa nini aliacha. Hakusema ni kwa sababu ya umaskini. Alisema, "Ndugu yangu, niliona haya. Januari nilisema cherehani mbili. Nitakwenda kuwaambia sina hata moja?" Jumapili mbili alikaa ndani na mlango ameufunga, akisikia wenzake wakiimba kule mkutanoni. Hasara ilikuwa imemwondolea pesa, na sasa haya ilikuwa inamwondolea watu.

Mwenyekiti wa chama ni bibi mzee, nao humwita Shosho. Alikuja mlangoni mwenyewe. Hakumhubiria. Alisema tu kwamba Jumapili ya tarehe 30 Juni vitabu vyote vitafunguliwa, na kwamba kitabu cha kwanza kusomwa kitakuwa chake yeye Shosho, nacho ni kibaya.

Mimi nilikuwa Nairobi kwa shughuli za familia, dada akaniomba nimsindikize. Walikaa juu ya mabenchi na mitungi iliyopinduliwa. Shosho alitoa kitabu chake akasoma: Januari alisema ataweka magunia kumi ya mboga, yale magunia yanayojazwa udongo na samadi, na mawe katikati ili maji yashuke, na mboga hupandwa juu na katika matundu ya ubavuni. "Niliweka manne," akasema. "Mafuriko yamechukua mawili. Yaliyobaki mbuzi wa jirani anayajua kuliko mimi." Watu wakacheka, na baada ya hapo ikawa rahisi kwa kila mtu kusoma cha kwake.

Haukuwa mkutano wa kucheka tu. Mzee mmoja alisimama akasema sanduku livunjwe, kila mtu ashike chake, kwa kuwa mafuriko hayangoji Desemba. Wengi waliitikia kwa kichwa. Nami niliona ana haki. Mweka hazina hakubishana naye. Alisoma kwa sauti kiasi ambacho kila mmoja angepata siku hiyo kama wangegawana. Ikaonekana kwamba waliofikwa na maji ndio wangepata kidogo kuliko wote, maana walikuwa wamekwisha kutoa, na baada ya hapo wasingekuwa na mahali pa kukopa. Kimya kikaingia. Walipiga kura wakaamua sanduku lisivunjwe, bali aliyepata hasara akope bila faida kwa miezi miwili. Yule mzee alikubali, ingawa alinung'unika mpaka mwisho.

Zamu ya dada ilipofika alisoma huku sauti inatetemeka. Mweka hazina, msichana mdogo tu, akachukua kalamu. Lengo 15,000, zilizopo 2,100, pungufu 12,900. Jumapili zilizobaki mpaka mwisho wa mwaka ni 26. Maana yake shilingi 496 kila wiki. "Kwa kufua unaweka ngapi?" Dada akajibu, "Mia moja, wiki nzuri." Kwa mia moja kwa wiki, cherehani ile ingemngoja wiki 129, zaidi ya miaka miwili. Nilidhani sasa atalia. Lakini yule msichana akauliza swali ambalo mimi, na ualimu wangu wote, sikuwa nimemwuliza dada yangu: "Na ile ya zamani, fundi alisema itatengenezwa kwa ngapi?"

Fundi alikuwa amesema 2,600. Zilizopo 2,100. Zilipungua shilingi 500.

Miezi miwili alikuwa amefungiwa ndani na deni la shilingi 12,900, na kumbe jambo lililosimama kati yake na kazi yake lilikuwa shilingi 500. Alikopeshwa papo hapo. Wiki ya kwanza ya Julai cherehani ilikuwa inashona. Kufikia Desemba alikuwa amelipa deni na ameweka 7,700, kwa kuwa wiki moja moja alikosa. Cherehani ya pili haikupatikana mwaka huo. Aliinunua Agosti 2025, iliyotumika, na kanyagio lake bado lina kelele.

Nisije nikawafanya mdhani kwamba kila lengo lafaa kushikwa mpaka mwisho. Siku ile ile kijana mmoja alisema ameliacha lengo lake la pikipiki. Anataka akiba yake imsaidie kujifunza kazi ya umeme. Walimwuliza maswali mawili matatu, wakafuta mstari, wakaandika mwingine. Hakuna aliyemwita mgeugeu. Kuna tofauti kati ya mtu anayebadilisha njia mbele ya wenzake na mtu anayenyamaza mpaka Desemba ipite. (Jambo moja la chama hicho silipendi: humtoza faini hata mzee aliyechelewa kwa dakika tano. Lakini si chama changu.)

Sasa turudi skimu. Shamba lina hesabu yake, na hesabu hiyo haisikii maombi. Ukisema Januari kwamba Desemba utakamua mtamba wako, na mpaka leo hajapandishwa, basi jua ng'ombe huchukua mimba miezi tisa na siku chache. Akipandishwa Julai hii, atazaa mwezi wa Aprili. Usijilaumu wala usimpige mtamba. Andika Aprili, kisha ujiulize Julai yataka nini: madini, maji, na banda kabla ya ndama kuja. Yule wa banda la ndama, kumbe hujachelewa!

Vivyo hivyo kwa mahindi ya nyanda za juu. Yaliyokosa kupandwa kwa wakati hayawezi kufukuzwa na mbio za Julai, maana mbegu zile zataka miezi sita au zaidi. Lakini maharagwe yataka miezi mitatu hivi, na viazi mitatu hadi minne, na katika sehemu zetu nyingi mvua za vuli zaanza Oktoba. Mwenye miche 40 ya parachichi asiyeweza kuinunua yote, achimbe mashimo sasa wakati ardhi imetulia, futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, achanganye udongo wa juu na samadi iliyooza, ayaache yakae. Mashimo hayana bei ila jasho. Oktoba apande miche kumi au kumi na miwili anayoweza kuitunza. Mwenye sukuma wiki asie kitalu mwishoni mwa Agosti, ili miche iwe tayari kuhamishwa mvua inapoanza.

Na yule mama wa deni la dukani, najua anasoma gazeti hili. Mama, usimkwepe mwenye duka kwa kupita njia ya nyuma. Nenda na daftari, mwambie umelipa ngapi na utalipa ngapi kila siku ya soko. Mwenye duka humwogopa zaidi mdeni asiyeonekana.

Kazi ya mwezi huu, basi, ni ya watu kumi. Tafuteni majirani tisa, wake kwa waume, msingoje Bwana Shamba. Kaeni chini ya mti Jumapili moja. Kila mtu aseme alilolisema Januari, lililobaki, na majuma yaliyobaki, kisha wenzake wamwulize ni hatua gani ndogo iliyosimama mbele yake sasa. Yafaa aliye mkubwa aanze kusoma, hasa kama kitabu chake ni kibaya. Kama katika kumi wenu yuko asiyekuja, mmoja aende mlangoni kwake, asiende na maneno mengi.

Asiyejua kuandika asikae nyuma kwa sababu hiyo. Mimi nipo ofisini kila Jumatano baada ya saa nane mchana, nitawaandikia. Langu pia nitalileta, lile lenye mambo saba. Nimefuta matatu, na kwa manne yaliyobaki natafuta watu tisa.