Wi-Fi ya Mtaa Nakivale: Kugawana Masafa Bila Kugombana

Kampuni za simu hulipia masafa yao, na mwingine haruhusiwi kuyagusa. Masafa ya Wi-Fi ya gigahazi 2.4 ni ya wote. Vijana wa Base Camp, Juru au Rubondo, kanda za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wanaotaka kuuza intaneti waanzie hapo.

Hatua ya 1: Kibali. Masafa hayo hayalipiwi, lakini kuuza huduma kuna sheria. Ulizeni Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, ni kibali gani kinawafaa, kisha mwoneni kamanda wa makazi kuhusu mahali pa mlingoti.

Hatua ya 2: Majirani. Hii msiiruke hata kidogo. Kabla ya kununua ruta, pitieni mtaa mzima na simu yenye programu ya kupima Wi-Fi. Chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Mwenye kibanda akijiweka kwenye 3, anamharibia wa 1 na wa 6, na yeye mwenyewe hapati kitu. Kaeni chini mwandikiane nani anashika ipi. Anayekuja wa nne awe wakala wa mmoja wenu, auze vocha kwa kamisheni. Akisimamisha mlingoti wake, kasi itashuka kwake na kwa yeyote ambaye chaneli yake itaguswa.

Hatua ya 3: Mkataba na muuzaji wa jumla wa intaneti wa Mbarara. Mnaweza kulipa kiasi maalumu kila mwezi, au kugawana mapato: yeye alete vifaa, ninyi mtoe kiwanja, sola, mlinzi na mauzo. Tuseme mmechagua kulipa, laini ni shilingi 600,000 kwa mwezi na vocha ya siku ni 1,000. Vocha 600 za kwanza, yaani 20 kila siku, ni za mwenye laini. Mwezi ambao msaada wa chakula umechelewa, nani atazinunua? Kwa anayeanza, mimi nashauri kugawana mapato.

Mkataba uwe mfupi, msije mkafungwa na muuzaji mmoja. Kwa mfano, Rwanda iliikabidhi kampuni moja, KT Rwanda Networks, 4G ya nchi nzima iiuze kwa jumla, ikazinduliwa 2014. Ni mwaka 2023 tu kampuni za simu zilipofunguliwa njia ya kuendesha 4G zao. Muuzaji akiwa mmoja, bei ni yake.

Hatua ya 4: Jaribio. Pimeni saa mbili usiku, watu wanapowapigia ndugu zao Goma, Bujumbura na Mogadishu kwa video. Picha ikiganda, msiongeze wateja. Ongezeni kwanza uwezo wa laini inayotoka Mbarara.