Shule ya Watu Wote



Tufungue kwanza Nehemia sura ya 8. Watu waliorudi kutoka uhamishoni walikusanyika mbele ya Lango la Maji, wanaume kwa wanawake. Ezra akawasomea torati, na Walawi wakawafafanulia maana yake. Angalieni kwamba haikutosha sheria isomwe. Ilibidi ieleweke na wote. Jambo hilo liliwasumbua pia watu walioanzisha taifa la Marekani, na mwezi huu nataka tuone walivyolishughulikia.

Hata kabla ya uhuru wao, mwaka 1647, huko Massachusetts ilitungwa sheria kwamba kila mji wenye kaya 50 uweke mwalimu wa kufundisha watoto kusoma na kuandika. Sababu iliyotajwa katika sheria yenyewe ni kwamba Shetani hutaka watu wasiyajue Maandiko. Walipojitangazia uhuru mwaka 1776 ikaongezeka sababu ya pili. Mfalme hayupo tena, raia ndiye achaguaye watawala. Asiyejua kusoma atatambuaje kwamba anadanganywa?

Thomas Jefferson aliliona hilo. Mwaka 1779 muswada wake ulifika kwenye baraza la Virginia, ukitaka watoto wote walio huru, wasichana pia, wasome miaka 3 bila ada. Haukupita. Mwaka 1796 ikatoka sheria dhaifu iliyowaachia mahakimu wa kila wilaya kuamua kama shule zianzishwe. Mahakimu hao walikuwa matajiri, na kodi ingetoka mifukoni mwao. Msomaji atabiri mwenyewe waliamua nini. Wala tusisahau lile neno “walio huru”: watumwa, wakiwamo wa Jefferson mwenyewe, hawakuhesabiwa.

Kwingineko mambo yalikwenda vizuri zaidi. Sheria ya mwaka 1785 iliamuru ardhi mpya ya magharibi (iliyokuwa ya wenyeji wa asili, na hilo ni huzuni nyingine) igawanywe katika maeneo ya viwanja 36, na kiwanja namba 16 kiwe cha shule. Mwaka 1839, kwa juhudi za Horace Mann, Massachusetts ilifungua chuo cha ualimu cha serikali mjini Lexington. Siku ya kwanza walifika wasichana 3 tu! Sisi tuliofundisha vyuoni twaweza kuuwaza uso wa mkuu wa chuo.

Lakini anayetaka kujua nguvu ya shule awaulize waliokatazwa. Mwaka 1830 North Carolina ilifanya kuwa kosa kumfundisha mtumwa kusoma. Frederick Douglass, akiwa mtoto mtumwa huko Baltimore, alianza kufundishwa herufi na bibi wa nyumba. Mumewe akamkataza, akisema mtumwa akijua kusoma hatafaa tena kuwa mtumwa. Mtoto yule akasikia, akaelewa. Tangu hapo akawa akichukua mkate na kuwapa wavulana maskini wa mtaani, nao wakimfundisha.

Vita vilipokwisha mwaka 1865, wazee waliotoka utumwani walikaa darasani pamoja na wajukuu. Mwaka 1868 mkutano wa katiba wa South Carolina, ambao wajumbe wake wengi walikuwa weusi, uliagiza shule za umma kwa watoto wote bila kubagua rangi. Wapinzani wao hawakulala. Mississippi, kwa katiba ya mwaka 1890, ilidai mpiga kura aweze kusoma kifungu cha katiba, au akisomewa akieleze. Na mwenye kuamua kama ameeleza vema alikuwa karani mzungu. Watu walionyimwa shule kwa vizazi sasa walinyimwa kura kwa kukosa shule. Majaribio ya namna hiyo yaliondolewa huko kwa sheria ya mwaka 1965.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:

1. Kwa nini Walawi hawakumwachia Ezra peke yake kazi ya kufafanua?

2. Mahakimu wa Virginia walikuwa Wakristo, wakienda kanisani. Ungewaambia nini?