Mbele ya kuinua pua ya kamioneti, pima taa



Simama siku moja kando ya kamioneti isiyo na muzigo, mahali pa sawasawa, na uiangalie toka upande. Utaona pua imeinama kidogo, nyuma iko juu. Vijana wengi hawapendi umbo hilo. Wanasema: «Inainama kama mbuzi anayekunywa maji.» Basi wanaenda ku garaji, wanatia kale juu ya amortisa za mbele, na pua inapanda mpaka inalingana na nyuma. Umbo linakuwa zuri, hatukatai. Lakini kuko mambo mengine yanayobadilika pamoja na umbo, na mengine yanaweza kuua mutu. Tuyaangalie moja moja.

1. Sababu gani pua iko chini?

Wale waliotengeneza kamioneti hawakukosea. Kamioneti ni ya kubeba. Nyuma iko na resori za lamu, vyuma bapa vilivyolala kimoja juu ya kingine, na vimepewa nguvu ya kungojea muzigo. Ukipakia magunia 10 ya simenti ya kilo 50, nyuma inashuka, na motokari yote inakuwa sawasawa. Ile inayoonekana vibaya wakati iko tupu, njo inakuwa vizuri wakati inatumika. Ukiisha kuilinganisha tupu, siku ya muzigo itaangalia mbinguni.

2. Namna ya kuinua haiko moja

Land Cruiser za kazi za namna ya 79, tangu 1999, ziko na esie nzima mbele na resori za kuzunguka. Hapo wanatia resori ndefu zaidi. Hilux zilizotengenezwa tangu 2005, kila gurudumu la mbele linapanda na kushuka peke yake. Hapo wanatia kale juu ya amortisa. Hilux za mbele ya hizo, nyingi ziko na bari ya torsio, chuma kinachojinyonga. Fundi anakaza bulo tu na pua inapanda. Hii haiombi feza nyingi, kwa hiyo watu wanaifanya bila kufikiri. Jua tena kama kale inaweza kuinua pua kupita unene wake, kwa sababu amortisa inashika katikati ya mukono wa gurudumu, haiko mwishoni.

3. Mwendo unakuwa namna gani?

Wengi wanazani kama resori imekuwa ngumu. Hapana. Kale haibadilishi resori. Inapunguza nafasi ya gurudumu kushuka. Kama gurudumu lilikuwa na sentimetre 8 za kushuka mbele ya kufika mwisho, na umeinua 4, inabaki 4. Ukiingia katika shimo, gurudumu linafika mwisho mbio na unasikia: ko! Ile kelele njo chuma kinagonga chuma. Rotule zinachoka, na kardani zinatumika zikiwa zimepindika sana. Kaucho inayozifunika inapasuka, grese inatoka, vumbi la kiangazi linaingia. Na kama hawakupima tena paralelismu, mipira ya mbele inaisha upande mumoja, na volani inaanza kutafuta njia yake yenyewe.

4. Taa: hapa tusimame kwa muda

Kwa kawaida taa za kode zinainama karibu sentimetre 1 kwa kila metre 1. Ku metre 10, mwangaza umeshuka sentimetre 10. Chukua sasa kamioneti yenye metre 3 toka gurudumu la mbele mpaka la nyuma. Inua pua sentimetre 3. Gawanya 3 kwa 3: unapata sentimetre 1 kwa kila metre. Maana yake kule kuinama kwa taa kumekwisha kabisa. Mwangaza unaenda wima mbele.

Kisha pakia. Nyuma ikishuka sentimetre 6, mwangaza unapanda sentimetre 2 kwa kila metre. Ku metre 20 umepanda sentimetre 40. Hapo njo pa macho ya shofere wa motokari ndogo, na ya mutu wa kinga anayesukuma makala yake usiku ku barabara ya Likasi. Yeye haoni tena ukingo wa njia. Na wewe, mwangaza wako ukienda juu, humuoni vizuri mwenye kutembea mbele yako.

5. Usitoshe lamu ya nyuma

Wengine wanafanya kinyume: wanatosha lamu moja ili nyuma ishuke. Hii ni mbaya zaidi. Kamioneti nyingi ziko na kifaa nyuma, chenye fimbo iliyofungwa ku esie, kinachopima muzigo na kugawanya nguvu ya freni. Nyuma ikishuka, kile kifaa kinazani muzigo uko, kinapeleka freni nyingi nyuma. Motokari iko tupu, magurudumu ya nyuma yanafunga, na katika mvua mukia unapita mbele ya kichwa.

6. Basi kuinua kunakatazwa siku zote?

Hapana. Kama wametia chuma kizito cha kukinga pua, ao treyi ya kuvutia, pua imeshuka kweli. Inafaa kuirudisha, kwa resori zinazopatana na uzito ule. Lakini fuata hii:

– Kamioneti ya kazi haiko yako peke yako. Usiibadilishe bila ruhusa ya maandiko.
– Pima toka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi, mbele na nyuma, tupu na kwa muzigo. Andika chifre.
– Kisha kazi, fanya paralelismu na uangalie kaucho za kardani.
– Simamisha motokari metre 10 toka ukuta, mahali pa sawasawa, na upime taa. Fuata chifre iliyoandikwa karibu na taa ao chini ya kapo.
– Kama kuko kitufe cha kushusha taa ndani ya kabini, kitumie kila siku ya muzigo.

Maulizo ya kuzungumuza na wenzako mbele ya kazi:

Kamioneti yenu ikibeba, mwangaza unafika wapi ukutani? Nani aliupima mara ya mwisho? Kama hakuna anayejua, fanyeni leo mangaribi. Inaomba ukuta, metre na dakika 10.