TAA ZA SOLA BUSTANINI: TUCHAGUE ZIPI?

Huku kwetu Malindi na Watamu taa za sola zimeingia bustanini. Dukani kila mtu huulizia ile kali zaidi. Je, kali ndiyo bora? La hasha!

Kwanza, paneli. Taa iliyoshikana na paneli yake ukiiweka chini ya mwarobaini, haipati jua mchana na usiku huzima mapema. Afadhali yenye waya: paneli ikae juani, taa ibaki mtini. Tena taa kali humaliza betri upesi.

Pili, chumvi ya bahari. Hiyo hula chuma. Chagua plastiki ngumu, na paneli uifute kwa maji ya mfereji.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni kasa. Kasa hutaga ufuoni usiku. Baada ya siku 60 hivi watoto hutoka mchangani, nao hufuata upande wenye mwangaza, yaani baharini. Wakiona taa nyeupe ya bustani huigeukia hiyo! Huko huliwa na kaa na kunguru, au hukaushwa na jua.

Basi mwenye nyumba ya ufuoni achague taa nyekundu au ya rangi ya chungwa, fupi, yenye kifuniko, imulike chini tu wala isitazame bahari.

Bahari ya Watamu ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968. Tusiiharibu kwa taa. Wahenga walinena, ngoma ikivuma sana hupasuka. Shime wenzangu!